Mtama, Kikumbo na Kabali: Mwongozo Kamili wa Kuamua Mbinu za Mapigano Mezani

Mko kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Mchezaji anasema, "Nalipiga zimwi mtama." Dadu inarushwa, inatoka 17, meza nzima inashangilia. Msimamizi, yaani anayeendesha mchezo, anauliza: 17 dhidi ya nini? Mmoja anataja AC (namba ya ulinzi dhidi ya mapigo ya kawaida), mwingine anasema Nguvu kwa Nguvu, wa tatu anakumbuka kitu alichokiona YouTube. Nusu saa inapotea na pambano linapoa.

Tatizo karibu kila mara ni mpangilio. Watu huanza na dadu wakati dadu ni hatua ya saba. Kabla yake kuna maswali ambayo yakijibiwa kwa zamu, ubishi mwingi unakufa wenyewe.

Mwongozo huu unafuata Pathfinder toleo la kwanza, la mwaka 2009, kwa sababu ndilo lenye mfumo mmoja wa mbinu zote na ndilo linalochanganya watu zaidi. Matoleo mengine yako karibu na mwisho.

## Vitu vya kuandaa

Kanuni zenyewe. Maandishi ya kanuni za Pathfinder yalitolewa kwa leseni huria na yanasomeka bure mtandaoni. Fungua ukurasa wa mapigano ukiwa na bando, uhifadhi kwenye simu. Msitegemee kutafuta katikati ya mchezo, maana umeme na mtandao vina tabia ya kuondoka pamoja.

Karatasi ya mhusika, iliyojazwa visanduku vya CMB (uwezo wako wa kufanya mbinu) na CMD (ulinzi wako dhidi ya mbinu). Vikiwa wazi, msianze.

Dadu ya pande 20. Ukiikosa, chukua vizibo 20 vya soda, andika 1 hadi 20 kwa ndani, tia kwenye kopo lisiloonyesha. Chomoa kimoja, soma, *kirudishe*, tikisa. Asiyerudisha kizibo anabadilisha bahati ya anayefuata, na huo ni wizi hata kama hakukusudia.

Ramani ya miraba. Karatasi ya manila yenye miraba ya sentimita 2.5 inatosha. Kila mraba ni futi 5 za mchezo. Mkicheza barazani Shangani au Mikindani, bana pembe nne kwa mawe kabla upepo wa bahari haujawapangia upya wahusika.

Kete. Komwe za bao zinafaa. Korosho zenye maganda zinafaa zaidi kwa sababu hazibiringiki, ila chagua nzima: mafuta ya ganda lililopasuka yanaunguza ngozi. Kwa kiumbe wa umbo kubwa, anayekalia miraba minne, tafuta kifuniko cha kopo chenye upana wa sentimita 5.

Daftari la maamuzi. Hili mnalidharau, na ndilo linalozuia ubishi uleule kurudi wiki ijayo.

## Majina tutakayotumia

Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo kubalianeni mapema. Hapa *mtama* ni trip, *kikumbo* ni bull rush, *kabali* ni grapple, *kupokonya* ni disarm, *kuvunja* ni sunder, na *kupenya* ni overrun. Pigo la bure analopata adui unapojiachia wazi tutaliita *pigo la mwanya*.

Mifano yote inamhusu Nambunga, mpiganaji wa daraja la 4, umbo la wastani: shambulio la msingi (base attack bonus) +4, Nguvu 18 (nyongeza +4), Wepesi 14 (nyongeza +2), AC 18. Anapambana na zimwi kwenye magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, kando ya lile bwawa la pembe nane. Zimwi tumelichukua kwenye ogre wa kitabuni: umbo kubwa, AC 17, CMB +9, CMD 18, rungu la mikono miwili lenye +7 na madhara ya 2d8+7 (dadu mbili za pande 8, ujumlishe 7), na mkono unaofika futi 10.

## Hatua ya 1: Tajeni toleo, kwa sauti

Msimamizi aseme kabla ya mchezo: "Leo ni Pathfinder ya kwanza." Kichekesho, lakini zaidi ya nusu ya ubishi wa kabali hutokana na watu wawili wanaosema ukweli kutoka vitabu viwili tofauti.

## Hatua ya 2: Mchezaji aseme anataka nini kitokee

"Namvamia" si tamko. "Nataka aanguke chini" ni mtama. "Nataka aondoke mlangoni" ni kikumbo. "Nataka asiondoke" ni kabali. "Nataka kufika upande wa pili wake" ni kupenya.

Sababu ni kwamba kila mbinu inatoa tokeo lake na halizidi hapo. Mtama hausukumi. Kikumbo hakiangushi. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayotoa madhara yenyewe. Mchezaji anayetarajia kusukuma, kuangusha na kuumiza kwa dadu moja anaomba zamu tatu kwa bei ya moja.

## Hatua ya 3: Ruhusa

Uliza umbo kwanza. Mtama, kikumbo na kupenya haviruhusiwi kwa kiumbe anayekuzidi umbo kwa zaidi ya ngazi moja. Nambunga ni wa wastani, zimwi ni kubwa: ngazi moja, ruksa. Lingekuwa kubwa sana, yaani la ngazi inayofuata, hapana, hata dadu ingetoa 20.

Kabali, kupokonya na kuvunja havina sharti hilo kwenye kanuni za msingi. Wasimamizi wengi huliongeza wenyewe kwa kuona ni ajabu mtu kulikaba joka. Ajabu ni kweli, lakini CMD ya joka inajitetea yenyewe. Usiongeze sharti lisiloandikwa.

Kisha miguu. Kiumbe asiye na miguu, anayeruka, au wa ute hapigwi mtama. Mwenye miguu zaidi ya miwili anaongezewa +2 kwenye CMD kwa kila mguu wa ziada, dhidi ya mtama na kupenya.

Mwisho mikono. Kabali bila mikono miwili mitupu ina -4. Kupokonya ukiwa huna silaha kuna -4 vilevile.

## Hatua ya 4: Gharama ya zamu

Mbinu ziko mafungu mawili, na hapa ndipo wachezaji wazoefu hudanganyika.

Mtama, kupokonya na kuvunja hufanywa *badala ya shambulio moja la mkono*, yaani la kupigana karibu, siyo la kurusha. Mwenye mashambulizi mawili kwa zamu anaweza kupiga mtama kwa la kwanza na kumtwanga aliyelala kwa la pili. Unaweza hata kuutumia mtama kama pigo lako la mwanya.

Kabali ni *kitendo kikuu kizima* (standard action). Haiingii kati ya mashambulizi mengi, wala haifanywi kwa pigo la mwanya. Kikumbo ni kitendo kikuu au sehemu ya kuvamia mbio, na ukivamia mbio unaongezewa +2 kwenye jaribio huku AC yako ikishuka 2 hadi zamu yako ijayo. Kupenya ni kitendo kikuu katikati ya mwendo wako, au sehemu ya kuvamia mbio.

## Hatua ya 5: Pigo la mwanya

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama mbinu ina maana.

Ukijaribu mbinu bila kuwa na kipaji chake (uwezo maalumu wa mhusika, *feat* kitabuni), mlengwa anakupiga pigo moja *kabla* hujarusha dadu. Likikupata, unaumia kama kawaida, halafu kiasi kilekile cha madhara kinatolewa kwenye jaribio lako.

Tazama kwa karibu. Nambunga ana CMB +8, CMD ya zimwi ni 18, kwa hiyo anahitaji 10 au zaidi: nafasi 55 kwa 100. Inaonekana vizuri. Lakini kwanza rungu linashuka. Zimwi lina +7 dhidi ya AC 18, linampata kwa 11 na kuendelea, yaani mara moja kati ya mbili. Madhara ya wastani ya 2d8+7 ni 16. Sasa +8 imekuwa -8, na anahitaji 26 kwenye dadu ya 20. Kimebaki kitu kimoja tu: 20 halisi, ambayo hufaulu daima. Ukijumlisha njia zote mbili, 55 ile imeshuka hadi karibu 30 kwa 100. Tena baada ya pigo hilo, akipata hata 12 kwenye dadu jumla yake ni 4. Amekosa kwa zaidi ya 10, na kwa kanuni ya mtama anaanguka yeye.

Dawa ziko nne.

- Kipaji. Improved Trip huondoa pigo la mwanya na kuongeza +2. Nambunga angehitaji 8 tu: 65 kwa 100. Kila mbinu ina kipaji chake. Cha mtama hakisaidii kikumbo.
- Kuvizia. Asiyepata zamu yake ya kwanza hana pigo la mwanya. Raundi ya kushtukiza ndiyo saa nzuri ya mtama, na wachezaji wengi huitumia kwa upanga.
- Kumaliza pigo lake. Kiumbe wa kawaida ana pigo moja la mwanya kwa raundi. Mwenzako mwenye AC nzuri akipita ndani ya futi 10 za zimwi na kulichokoza, rungu likishashuka kwake, Nambunga yuko huru.
- Kusogea kwa makini. Anayetoka mraba wa futi 10 kwenda wa futi 5 kutoka kwa zimwi anachokoza pigo kwa *mwendo* wake. Akitumia hatua moja ya futi 5 badala ya mwendo wa kawaida, hachokozi.

Angalizo: pigo lililokupata ulipokuwa unasogea halipunguzi jaribio la mbinu. Linalopunguza ni lile tu lililochokozwa na mbinu yenyewe. Na kama pigo la zimwi limeishia kwenye mwendo, mbinu inayofuata raundi hiyo haina pigo tena. Tofauti hiyo ndogo imeokoa wahusika wengi.

## Hatua ya 6: Hesabu

CMB = shambulio la msingi + nyongeza ya Nguvu + umbo.

CMD = 10 + shambulio la msingi + nyongeza ya Nguvu + nyongeza ya Wepesi + umbo.

Umbo dogo ni -1, wastani 0, kubwa +1, na zinazofuata juu +2, +4, +8. Chini ya dogo ni -2, -4, -8, na viumbe hao wadogo mno hutumia Wepesi badala ya Nguvu kwenye CMB.

Makosa matatu hujirudia.

La kwanza, kutumia alama ya umbo ya shambulio la kawaida. Umbo dogo linasaidia kulenga na kukwepa, lakini kwenye kusukumana linaumiza. Ishara zinageuka.

La pili, kuingiza deraya na ngao kwenye CMD. Chuma kinazuia upanga, hakizuii mguu wako kukwapuliwa. Ngozi ngumu ya asili nayo haihesabiki. Zinazoingia ni bonasi kama za kukwepa, za kugeuza pigo, za bahati, na nyingine chache zilizotajwa kitabuni. Adhabu yoyote ya AC hupunguza CMD pia.

La tatu ni la kijanja. Aliyeviziwa anapoteza *nyongeza* ya Wepesi kwenye CMD, lakini hapotezi *pungufu* lake. Zimwi lina Wepesi 8, yaani -1, na hiyo imo tayari ndani ya 18. Ukilivizia, CMD inabaki 18. Faida yako ni kutopigwa rungu.

Mlengwa aliyeduwazwa anakupa +4. Aliyezimia au asiyeweza kujitetea kabisa, mbinu inafaulu bila dadu.

Ukihesabu sawasawa utapata Nambunga CMB +8, CMD 20. Ukipata tofauti, rudi kwenye umbo.

## Hatua ya 7: Dadu, kisha *pengo*

Sasa rusha. Jumla ikifika au kuzidi CMD, umefaulu. Moja halisi hukosa daima.

Usiishie kwenye "imepata." Andika pengo kati ya jumla na CMD, maana mbinu nyingi hulipa kwa pengo.

Mtama: aliyepatikana yuko chini. Ana -4 kwenye mashambulizi ya mkono, na AC yake dhidi ya mkono imeshuka 4. Zimwi sasa ni 13. Kuinuka ni kitendo cha mwendo kinachochokoza pigo la mwanya kutoka kwa kila aliye karibu. Hapo ndipo mtama unapolipa.

Kikumbo: futi 5, na futi 5 zaidi kwa kila pengo la 5. Nambunga akitoa 15, jumla 23, pengo 5: zimwi linarudi miraba miwili. Unaweza kulifuata kama una mwendo uliobaki. Ukikosa, mwendo wako unaishia mbele yake.

Kupokonya: kitu kimoja kinaanguka, pengo la 10, vya mikono yote miwili. Ukikosa kwa 10, silaha yako ndiyo inaanguka. Ukifaulu bila silaha mkononi, unaweza kukichukua papo hapo.

Kupenya: mlengwa anaweza kukupisha. Akizuia na ukafaulu, unapita. Pengo la 5, unapita na yeye analala.

Kuvunja: piga madhara kwenye kitu, toa ugumu wake kwanza. Fikirieni mara mbili. Silaha mnayoivunja ndiyo mngeiuza.

## Kabali inahitaji hatua zake

Kosa kubwa ni kudhani aliyekabwa amekwisha. Hajakwisha. *Wote wawili*, mkabaji na mkabwa, wanapata hali ya kukabwa: Wepesi -4, hawasogei, na -2 kwenye mashambulizi na mbinu zisizo za kukaba wala kujinasua. Pia hakuna kitendo cha mikono miwili.

Soma hiyo ya mwisho tena ukilitazama zimwi. Rungu lake ni la mikono miwili, kwa hiyo halitumiki. Litabaki na ngumi. Ndiyo maana kabali dhidi ya mwenye silaha kubwa ni bora kuliko dhidi ya mwenye jambia, ambaye ataendelea kukuchoma mbavuni bila shida.

Mtiririko ni huu:

1. Mikono. Nambunga anadondosha panga lake la mikono miwili. Kudondosha ni bure. Kurudisha alani ni kitendo cha mwendo.
2. Pigo la mwanya, kama Hatua ya 5.
3. Jaribio. Likifaulu, wote wamekabwa. CMD ya zimwi inashuka hadi 16, ya Nambunga hadi 18.
4. Zamu ya zimwi. Likijaribu kujinasua lina +9 dhidi ya 18: linahitaji 9, yaani 60 kwa 100. Lakini limetumia kitendo chake kikuu kufanya hivyo.
5. Kushikilia. Raundi inayofuata Nambunga lazima arushe tena, kwa kitendo kikuu, sasa akiwa na +5 ya ziada: +13 dhidi ya 16. Asiporusha, kabali imekwisha.
6. Akifaulu kushikilia, achague *moja*: kusogea naye kwa nusu ya mwendo, kumuumiza, au kumbana chini. Aliyekwisha kubanwa anaweza kufungwa kamba.

Kabali ya kweli inaanza raundi ya pili. Mwambieni mchezaji mapema, asije akavunjika moyo. Anayekabwa akitaka kutumia uchawi anahitaji jaribio la umakini la 10 + CMB ya mkabaji + daraja la uchawi, na ndiyo sababu wachawi huogopa mieleka kuliko mishale.

## Hatua ya 8: Kanuni zikinyamaza

Je, Nambunga anaweza kulisukumia zimwi bwawani? Kanuni ya kikumbo inakataza kumwingiza mtu kwenye mraba wenye kizuizi kigumu. Bwawa si ukuta. Kuna mbinu nyingine ya kitabu cha nyongeza, ya kumhamisha adui upande, ambayo inakataza waziwazi kumpeleka penye hatari kama shimo. Kikumbo hakina katazo hilo. Kwa hiyo ruksa. Kina cha bwawa anakiamua msimamizi, na madhara ya kuanguka ni 1d6 kwa kila futi 10.

Fuata njia hiyo kila mara: soma sentensi ya mbinu husika, ilinganishe na ndugu yake wa karibu, amua ndani ya dakika moja, andika kwenye daftari, endeleeni. Kanuni mahususi hushinda ya jumla. Uamuzi ukionekana mbovu, ubadilisheni mchezo ukiisha, siyo zimwi likiwa limeinua rungu.

## Kama meza yenu ina kitabu kingine

Katika Dungeons & Dragons toleo la 5 la 2014, kukaba na kusukuma huchukua nafasi ya shambulio moja; unashindana kwa Athletics (ustadi wa nguvu za mwili), mlengwa akichagua Athletics au Acrobatics (ustadi wa sarakasi). Aliyekabwa mwendo wake ni 0, basi. Hakuna CMD, hakuna pigo la mwanya kwa kujaribu.

Kanuni za 2024 zimeondoa mashindano: mlengwa ndiye anayerusha kujiokoa kwa Nguvu au Wepesi dhidi ya 8 + nyongeza yako ya Nguvu + bonasi ya umahiri, na aliyekabwa anapata taabu kumshambulia yeyote asiye mkabaji wake.

Pathfinder toleo la pili, la 2019, hutumia Athletics dhidi ya Fortitude (ustahimilivu) kwa kabali na kusukuma, na dhidi ya Reflex (wepesi wa kukwepa) kwa mtama na kupokonya. Kila jaribio linahesabiwa kama shambulio, kwa hiyo la pili kwenye zamu lina -5 na la tatu -10.

## Jipimeni

Mhusika wa umbo dogo anataka kulipiga zimwi kikumbo. Hapana, ngazi mbili. Anaweza kujaribu kulipokonya rungu.

Buibui wa kitabuni ana CMD 15 na 27 dhidi ya mtama. Tuongeze miguu sita ya ziada? Imeshaongezwa: 15 na 12 ni 27. Msihesabu mara mbili.

Zimwi linainuka, Nambunga anataka kulipiga mtama kwa pigo la mwanya lirudi chini. Haiwezekani. Pigo la mwanya huja kabla kitendo hakijakamilika, na wakati huo zimwi bado liko chini. Alitwange kwa panga, dhidi ya AC 13.